Cessna 172 yangu inadunda kama mpira: nirekebishe wapi?

SWALI: Salaam mtaalamu. Natengeneza modeli ya Cessna 172 ya FlightGear (kiigizaji cha urubani) kwa kutumia JSBSim, programu inayopiga hesabu za mwendo wa ndege. Nikiifungua tu kwenye njia ya kurukia, inarushwa juu kisha inadunda. Kila nikiongeza ugumu wa springi, mambo yanaharibika zaidi.

JIBU: Salaam. Acha kuongeza ugumu, anza na uzito. Cessna 172P iliyojaa ni kilo 1,089. Tuseme gurudumu la pua limebeba asilimia 15. Kila gurudumu kuu linabaki na kilo 463, yaani nyutoni 4,540 hivi. Ukitaka mguu ubonyee sentimita 8 ndege ikiwa imesimama, gawanya 4,540 kwa 0.08: unapata nyutoni 57,000 hivi kwa mita. Taja kipimo (N/M) kwenye faili. Usipokitaja, JSBSim husoma pauni kwa futi, na springi inakuwa ngumu karibu mara 15. Nashuku hapo ndipo ulipo, kwa sababu springi ngumu hivyo ikianza imezama ardhini hata kidogo, lazima iitupe ndege.

Jambo jingine: JSBSim inataka mahali tairi linapofika mguu ukiwa haujabonyea. Kama ulipima kwenye mchoro wa ndege iliyoegeshwa, shusha ncha za magurudumu makuu kwa zile sentimita 8, la sivyo matairi yatazama kwenye lami.

Sasa kudunda kwenyewe. Kwa ugumu na uzito huo, mguu ungetulia bila kudunda hata kidogo ukiuwekea nguvu ya kutuliza ya takriban 10,300 (N/M/SEC). Usiiweke! Miguu mikuu ya 172 haina shokapu. Ni chuma kinachopinda, na nishati huliwa zaidi na matairi yanaposuguana na lami yakitanuka kwenda nje. Mimi ningeanza na 2,000. Ndege halisi ikitua vibaya hudunda, muulize mwanafunzi yeyote wa urubani. Mguu wa pua ndio wenye shokapu ya mafuta na gesi: huo upe zaidi, hasa wakati wa kurudi, kupitia damping_coeff_rebound.

Ukimaliza, itue kwa kasi ya kushuka ya mita 1 kwa sekunde, kisha 2.6, ambayo ndiyo kasi iliyotolewa kwa uzito na bawa la 172 na fomula ya Part 23, kanuni za Marekani za ndege ndogo, kabla hazijaandikwa upya mwaka 2017. Fuatilia fdm/jsbsim/gear/unit[1]/compression-ft, yaani mbonyeo wa mguu kwa futi. Ikionyesha mbonyeo mkubwa kuliko mguu halisi unavyoweza kupinda, punguza sentimita 8 zako na upige hesabu upya.