Mruko wa volti upewe njia: kwa mnaoanza kuunda chaja za mapigo

Vijana mnaounda chaja za mapigo, zile ambazo transista hukata umeme wa koili ili kipigo chake kiingie kwenye betri, kuamsha betri za sola zilizolala, hapa Dodoma mjini na huko Bahi na Chamwino, nawaomba msome hili kabla hamjawasha.

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kibanda cha Majengo nilikuwa nachaji betri ya N70 ya mteja. Chaja ilikuwa inapiga vizuri. Nikataka kupima, nikachomoa klipu ya betri bila kuzima. Nilisikia "ta", basi. Hakukuwa na moshi wala harufu, lakini tasta ikaonyesha kolekta na emita, miguu miwili ya transista, zimeshikana. Ilikuwa transista yangu ya mwisho ya 2N3055, na mteja alikuwa amekaa hapo anasubiri.

Chanzo ni koili, maana umeme wake haukubali kukatwa ghafla. Koili ya milihenri 1 inayopitisha ampia 2, ukiikata kwa maikrosekunde 10, inarusha volti 200. 2N3055 inavumilia volti 60. Betri ikiwepo, ndiyo inayomeza mapigo. Ikitoka, au vichwa vyake vikiwa na ule ukungu mweupe, kipigo chote kinaishia kwenye transista. Kwa hiyo sugua vichwa kwanza.

Wengi huweka kitaa cha neoni kati ya kolekta na emita. Kiwekeni, ila kiwe kengele tu: huwaka kati ya volti 60 na 90, na kwa 2N3055 hapo umeshachelewa. Kinga ya kweli ni dayodi ya TVS, inayopitisha umeme volti zikiruka kupita kiwango chake. Kwenye mzunguko ambao kolekta inaona betri mbili za volti 12 zilizofuatana, mimi hutumia P6KE36A. Chini ya volti 30 inalala. Kwenye 36 hivi inaanza kupitisha, na mruko haufiki 60. Mstari uliochorwa mwilini mwake ukae upande wa kolekta. Na tafadhali, ichomelee kwenye miguu ya transista yenyewe. Kijana mmoja aliifunga kwenye waya wa shubiri nzima, transista ikaungua vilevile. Waya ule nao ni kakoili.

Dayodi ya kupeleka mapigo kwenye betri iwe ya kasi, kama UF4007. 1N4007 inachelewa kufunga, inapata moto. Kati ya besi, mguu wa tatu wa transista, na emita weka dayodi ya 1N4148, mstari ukiangalia besi.

TVS nayo haikuwekwa ifanye kazi mchana kutwa. Koili ile kwa mapigo 300 kwa sekunde inaimwagia wati 0.6 za joto muda wote betri haipo. Tena betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na klipu ikichomolewa umeme ukiwepo hutoa cheche. Unga betri inayochajiwa kwanza, chanzo cha umeme baadaye. Ukimaliza, zima chanzo ndipo uguse klipu. Inveta na kidhibiti cha sola viwe vimeshatolewa kwenye betri hiyo.

Chaja zangu zote sasa zina swichi mbele, klipu zinatokea nyuma. Mkono unakutana na swichi kwanza.