Darb Zubayda: usiende kutafuta barabara, fuata maji

Mkuu uliyeuliza kama inafaa, ukishamaliza umra, kutumia siku mbili tatu zilizobaki kwenda kuona mabaki ya Darb Zubayda, ile njia ya kale ya mahujaji kutoka Kufa, Iraq, hadi Makka: inafaa sana, ila inategemea unakwenda kutafuta nini. Mimi naishi Hail, mji wa kaskazini mwa Saudi Arabia, kwa kazi, na njia hiyo inapita upande wetu huku. Sehemu zake nimezizunguka, nyingine kwa makusudi, nyingine kwa sababu tu gari la kazini lilikuwa na safari ya upande huo.

Wengi wanaorudi wamenuna ni wale waliokwenda kutafuta barabara. Njia ina zaidi ya kilomita 1,400 na kwa sehemu kubwa ni mchanga na changarawe. Unaweza ukasimama katikati yake usijue. Kwenye maeneo ya mawe meusi ya volkano kuna vipande ambavyo mawe yaliondolewa na kupangwa kandokando, kushoto na kulia, hapo ndipo unaiona inavyonyooka mpaka macho yanachoka. Zaidi ya hapo, kilichowafikisha watu Makka ni maji, na kazi ya maji ndiyo iliyoacha majengo ya kutazama.

Huyo Zubayda ni mke wa Khalifa Harun al-Rashid, alifariki mwaka 831. Watu husimulia kana kwamba njia aliianzisha yeye. Hapana, watu walikuwa wakiipita hata kabla ya Uislamu, na makhalifa wa Bani Abbas, ukoo wa mumewe, waliomtangulia mumewe walishaweka mawe ya maili na vituo. Yeye alimwaga mali kwenye visima na mabirika, yaani matangi makubwa ya kukusanyia maji ya mvua, mpaka jina lake likaganda. Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia aliyeipita mwaka 1184, zaidi ya miaka 350 baada ya kifo cha Zubayda, aliandika kwamba lau si wema wa mama huyo njia isingepitika.

Sasa wapi pa kwenda. Kama unaweza kufika Hail, nenda Fayd, kama kilomita 120 kusini mashariki mwa mji. Hapo palikuwa katikati ya safari, na mahujaji walikuwa wakiacha sehemu ya vyakula vyao kwa wenyeji, wanavichukua wakirudi. Fikiria imani iliyohitajika hapo: unamwachia mtu unga wako, unakwenda Makka, unarudi unaukuta. Ngome yake ya mawe meusi imebaki kuta, visima vipo, na pametengenezwa kwa ajili ya wageni, kwa hiyo hutahangaika.

Lakini kwa kuwa umesema utakuwa Madina, chaguo langu ni Rabadha, upande wa mashariki kama kilomita 200. Jina utakuwa unalijua. Ndiko alikofia Abu Dharr al-Ghifari, sahaba wa Mtume, radhi za Allah ziwe juu yake. Watu wa Chuo Kikuu cha Mfalme Saud walianza kupachimba mwaka 1979 wakakuta mji mzima: nyumba, misikiti, na chini ya sakafu za vyumba matangi ya maji yaliyofunikwa. Mji wenyewe ulikufa karne ya 10 kwa vita.

Birika kubwa la hapo ni la mviringo, kipenyo chake kinapita mita 60. Usiridhike kupiga picha ukaondoka. Zunguka mpaka upande ambao maji yalikuwa yakiingilia. Utakuta birika jingine dogo la pembe nne limeungana nalo. Mvua ikinyesha, maji ya korongo yanakuja na tope lote la jangwani. Yanaingia kwanza humo, yanatulia, tope linazama, halafu yaliyo juu ndiyo yanavuka kwenda birika kubwa. Chujio bila pampu wala dawa! Tazama na lipu ya chokaa kwenye kuta, pitisha kiganja uone ilivyo laini, miaka elfu na ushei. Mimi hufanya kazi za ujenzi, na matangi ya juzi tu nimeshayaona yanavuja.

Kule kaskazini, kuanzia Hail kuelekea Rafha na mpaka wa Iraq, kuna mabirika mengi zaidi na mengine baada ya mvua bado hujaa. Ila huko usijaribu peke yako. Mtandao wa simu unapotea, na gari dogo la kukodi litakwama kwenye mchanga kabla hujaona lolote. Unahitaji mwenyeji na gari linalovuta magurudumu yote manne. Njoo kati ya Novemba na Machi, na ukiona mawingu mazito usishuke makorongoni, maana mafuriko ya huku hayapigi hodi. Maji ya kunywa beba kuliko unavyodhani yatatosha.

Kuna ndugu kwenye mjadala huu kasema safari kama hii ni bidaa, yaani uzushi katika dini. Sidhani kuna mtu aliyesema ni ibada. Ni matembezi, kama anavyokwenda mtu Kilwa kuangalia msikiti wa kale. Usiende na nadhiri, usipake udongo usoni, usichukue vigae vya vyungu vilivyotapakaa chini. Hilo la mwisho ni kosa la kisheria hapa, na wenyewe hawatanii. Mwaka 2022 njia iliwekwa kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, kwa hiyo ulinzi umeongezeka.

Jambo jingine: ukitoka Rabadha ukaamua kwenda tena Makka kwa nia ya umra, kumbuka ihramu (nia na vazi la umra) na mikati (mahali pa kuanzia ihramu). Muulize shehe wako kabla, usisubiri uwe njiani.

Na kama siku zikikubana kabisa, usiondoke mikono mitupu. Ain Zubayda, mfereji aliojenga mama huyohuyo kuleta maji Makka, bado una mabaki upande wa Arafat. Unaonekana ubavuni mwa kilima, ukuta mrefu wa mawe. Teksi inakufikisha, na nusu siku inatosha.