Mate ya mbu, na maswali yenu mengine

Mbu akiniuma simsikii. Baadaye ngozi inavimba na kuwasha. Ana sumu?

Hana sumu, ana mate. Ule mdomo unaoonekana kama sindano moja ni ala yenye vichomeo sita vyembamba. Kimoja hushusha mate, kingine hupandisha damu. Mshipa ukitobolewa, mwili hukimbilia kuziba tundu: mshipa hujibana, chembe sahani (vipande vidogo vya damu vinavyoziba jeraha) hurundikana, damu huganda. Mbu akizembea, mrija unaziba naye hajashiba.

Kwa hiyo mate yake yana jibu kwa kila hatua. Kimeng'enya (protini inayovunja kemikali) kiitwacho apirezi huvunja ADP, kemikali inayotumiwa na chembe sahani kuitana. Anofelini, ya mbu wa Anopheles, huishika thrombini, protini ya mwili wako, isigandishe damu. Protini za jamii ya D7 nazo hunyakua serotonini, kemikali inayobana mishipa, na histamini, kemikali inayowasha ngozi, zisifanye kazi. Mwasho wenyewe ni wako: kinga yako huziona protini hizo kuwa ngeni na kumwaga histamini nyingi kuliko protini za mbu zinavyoweza kunyakua.

Nalala chumba kimoja na mdogo wangu. Yeye ana vipele, mimi sina hata kimoja. Mbu hawanitaki?

Usijisifu mapema. Huenda mnanyonywa sawa. Mtu akiumwa mara za kwanza mara nyingi havimbi, akizoea huvimba, akiumwa miaka mingi mwili huchoka kupiga kelele. Malaria haihitaji kipele.

Dume naye ana mate?

Anayo, ya kumeng'enyea sukari ya maua. Haumi.

Wadudu wengine wanaonyonya damu wanatumia mbinu hizohizo?

Kazi ni moja, vifaa mbalimbali. Ninayempenda (kwa mbali) ni Rhodnius prolixus wa Amerika ya Kusini, mdudu anayeeneza ugonjwa wa Chagas. Tezi zake za mate ni nyekundu kama cheri, na si kwa damu aliyokunywa. Wekundu ni wa protini zake mwenyewe, nitroforini, zenye hemu, kiini chenye chuma, kama ile ya himoglobini inayofanya damu yetu iwe nyekundu. Zinabeba gesi ya oksidi ya nitriki na kuiachia ndani ya ngozi, mishipa ikatanuka.

Mbu akimnyonya mwenye VVU kisha akaniuma mimi?

Huambukizwi. Anachokutemea ni mate yake, si damu ya jana, na VVU humeng'enywa tumboni mwake. Vimelea vya malaria ndivyo vilivyojua njia: hupenya ukuta wa utumbo wa mbu, vikaenda kukaa kwenye tezi za mate vikisubiri aume tena.