Mnaoanza uchambuzi wa sera za ulinzi hapa Dodoma, anzeni na hesabu ya tembo

Vijana wengi wanaoingia kwenye uchambuzi wa sera za ulinzi na usalama hufika Dodoma wakiwaza vifaru, ramani za mipaka na majalada yenye muhuri wa SIRI. Wakikabidhiwa randama ya bajeti (maelezo ya kina ya makadirio ya wizara), ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na Majadiliano ya Bunge, nyuso zinawashuka. Zoeeni, wadogo zangu. Sehemu kubwa ya kazi hii iko kwenye karatasi ambazo raia yeyote anaweza kuzisoma. Zile zenye muhuri zina wenyewe, na Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 haina utani na anayezishika bila idhini. Usiombe kuona usichotumwa.

Mgeni nikiambiwa nimfundishe jambo moja tu, humpeleka kwenye tembo wa Ruaha–Rungwa, eneo la hifadhi ya Ruaha na mapori ya akiba yanayopakana nayo. Si mbali na sisi, maana mapori ya Rungwa, Kizigo na Muhesi yako upande wa Manyoni. Sensa ya angani ya 2013 ilikadiria tembo 20,090. Ya 2014 ikaja na 8,272. Ndani ya mwaka mmoja zaidi ya nusu hawaonekani! Sasa Katibu Mkuu wa wizara anasubiri dokezo lako, yaani andiko fupi la ushauri; utamwandikia nini? Wakati huo ujangili ulishakuwa suala la usalama: bunduki za kivita, mitandao inayovuka mipaka, fedha chafu. Mwenye haraka angeandika kwamba tembo elfu kumi na mbili wameuawa, askari wapelekwe kesho.

Mchambuzi huuliza kwanza mizoga iko wapi. Tembo aliyeuawa huacha mifupa inayoonekana kutoka angani kwa muda mrefu. Aliyehama haachi kitu. Kisha huuliza namba imepatikanaje. Sensa ya aina hii haihesabu kichwa kwa kichwa: ndege hupita kwenye mistari, wahesabuji huhesabu wanyama walio ndani ya ukanda, halafu eneo lote hukadiriwa kutokana na hapo. Kwa hiyo kila namba ina kiwango chake cha chini na cha juu, na dokezo linaloficha hilo linamdanganya bosi. Serikali iliamua hesabu irudiwe 2015, ikatoka 15,836. Janga lilibaki janga, kwani nchi nzima ilikuwa imeshuka kutoka tembo 109,000 hivi mwaka 2009 hadi takriban 43,000. Ila anayepanga doria kwa kuamini 8,000 na anayepanga kwa kuamini 15,000 hawatapeleka magari mahali pamoja.

Ndiyo maana kwenye kila dokezo mimi hudai vitu vitatu, hata kama ni ukurasa mmoja: unajua nini, umejuaje, na taarifa gani ikija itabadilisha ushauri wako. Hicho cha tatu ndicho wageni hukiruka, nadhani kwa kuogopa kuonekana hawajui.

Kuna upande mwingine wa tembo haohao. Operesheni Tokomeza, ya kupambana na ujangili, ilianza Oktoba 2013 na kusitishwa mwanzoni mwa Novemba. Tatizo lilikuwa la kweli, lakini taarifa ya kamati ya Bunge iliyosomwa hapa Dodoma Desemba ilieleza mateso, vifo vya raia na mifugo iliyouawa. Rais Kikwete akatengua uteuzi wa mawaziri wanne, wa Ulinzi akiwamo. Ukiandika kuhusu operesheni yoyote, takwimu za adui hazitoshi. Andika pia itamkuta nani njiani, na malalamiko yake yatapokelewa na nani.

Tazameni na jirani zetu. Mgogoro wa wakulima na wafugaji Kiteto, mpakani na Kongwa, uliua watu. Kwa jicho la polisi peke yake ni uhalifu. Aliyefungua ramani ya hifadhi ya Emboley Murtangos, iliyoko hukohuko Kiteto, aliona pia ugomvi wa mipaka ya ardhi. Kamati za usalama za wilaya, chini ya Mkuu wa Wilaya, huishi na mambo haya kila wiki, na mchambuzi asiyewahi kuongea na watu wa ngazi hiyo huandika hewani.

Kuhusu kalenda sitasema mengi. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na kamati za Bunge hupitia mafungu, yaani sehemu za bajeti zenye namba zake, kabla ya Bunge la bajeti kuanza Aprili. Kwa wizara yetu, ya Ulinzi, ni Fungu 38 la Ngome (jeshi lenyewe, JWTZ), 39 la JKT na 57 la Wizara. Andiko lako likifika Juni, hata liwe zuri namna gani, ni la mwaka ujao. Suala la sera nalo hupita kwa Makatibu Wakuu kabla ya Baraza la Mawaziri, na kila ngazi hulifupisha. Basi fupisha mwenyewe, usije ukakatiwa sentensi iliyobeba tahadhari.

Siku ya kwenda mbele ya Kamati ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, utakaa nyuma ya Katibu Mkuu. Beba jedwali la namba zote zilizomo kwenye taarifa, na chanzo cha kila moja pembeni. Mheshimiwa akiuliza jambo ambalo hamna, mwandikie bosi kikaratasi: aombe kuleta jibu kwa maandishi. Jioni hiyohiyo anza kulitafuta.