Maswali yenu kuhusu Refused

Tangu niguse panki ya Sweden, yaani roki ya kasi na kelele, wasomaji wananiuliza bendi moja tu: Refused. Najibu machache.

Swali: Hawa jamaa wa Stockholm walianza lini?
Si wa Stockholm. Ni wa Umeå, mji wa kaskazini, zaidi ya kilomita 600 kutoka mji mkuu. Walianza 1991. Nimeshalijibu hili mara nyingi. Tafadhali someni kabla ya kuuliza.

Swali: Iweje bendi ivunjike mwaka uleule ilipotoa albamu yake bora?
Walikuwa wamechoshana, na wasikilizaji nao hawakuwabeba. The Shape of Punk to Come ilitoka 1998. Jina walilichukua kwenye albamu ya jazi ya Ornette Coleman ya 1959, na muziki wenyewe ulipita mipaka: gitaa zinazonguruma, mara fidla, mara midundo ya kompyuta. Wakaenda nayo ziara Marekani, ndoa ikavunjikia huko. Onyesho la mwisho lilikuwa Harrisonburg, Virginia, si ukumbini bali kwenye chumba cha chini ya nyumba ya mtu, watu wamebanana mbele ya vipaza sauti. Nyimbo chache tu, polisi wakaingia, wakasimamisha kila kitu. Baadaye bendi ikatoa tamko kali: hatutapiga tena pamoja, na magazeti yachome picha zetu.

Kisha ndipo sifa zikaanza kumiminika! Video ya “New Noise”, wimbo wa albamu hiyo, ikazunguka dunia, na albamu ikageuka kipimo cha wengine wote. Hili linaniuma. Kama kuna bendi unayoipenda leo, nunua kazi yake na lipa kiingilio leo. Sifa za matanga hazilipi nauli ya mpiga ngoma.

Swali: Walirudi 2012 kwa tamaa ya pesa?
Walilipwa, na ni haki yao. Waliopanda jukwaa la Coachella, tamasha kubwa la muziki Marekani, mwaka ule walikuwa wakidai jasho la 1998. Wakaongeza Freedom (2015) na War Music (2019). Mimi naiona ya pili kuwa na meno zaidi.

Swali: Ni kweli sauti ya Johnny Silverhand, mhusika wa gemu ya Cyberpunk 2077, ni ya Dennis Lyxzén, mwimbaji wa Refused?
Anapoimba, ndiyo. Anapozungumza ni Keanu Reeves.

Swali: Watarudi lini tena?
Hawarudi. Waliaga kwao Umeå, Desemba 2024. Miezi michache kabla, Juni, Lyxzén alipata mshtuko wa moyo, na huyu ni mtu ambaye kwa miaka hagusi nyama wala pombe. Kwa hiyo wewe unayebanwa kifua na kusema “ni gesi tu”, nenda hospitali.

Swali: Mji mdogo vile ulitoaje bendi kama hiyo?
Hapa ndipo penye somo kwa wenye mamlaka. Sweden ina shule za muziki za manispaa, mtoto anajifunza chombo kwa ada ndogo. Zipo pia jumuiya za elimu ya watu wazima zinazopata ruzuku ya serikali, na vijana wakijiandikisha kama kikundi cha kujifunza, wanasaidiwa kupata chumba cha mazoezi. Ndiyo, serikali ilisaidia kulea vijana walioipigia kelele, na wala haikuanguka. Diwani anayefunga ukumbi wa vijana akakodisha kwa harusi ajiulize anapoteza nini.