Kiungo kirefu kikigoma kufunguka

Kabla hujailaumu tovuti, kitazame kiungo chenyewe hadi mwisho. Mara nyingi kimekatika njiani. Baruapepe ya maandishi matupu hukunjwa mstari unapokaribia herufi 78, kwa hiyo kiungo cha herufi 200 kinaweza kukufikia kikiwa vipande vitatu, na kinachobofyeka ni cha kwanza tu. Usikibofye. Bandika vipande vyote kwenye programu ya kuandikia maandishi ya kawaida, viunge, kisha nakili kiungo kizima ukipeleke kwenye sehemu ya anwani ya kivinjari.

Makosa hujificha pale kwenye maungio. Nafasi moja ikisalia, kivinjari huigeuza kuwa %20, seva ikatafuta ukurasa usiokuwapo, nawe ukaletewa kosa la 404, yaani ukurasa haukupatikana. Kistari cha mwisho wa mstari kwenye PDF kinasumbua zaidi, kwani huenda ni sehemu ya anwani na huenda kiliongezwa wakati wa kupanga kurasa. Jaribu ukiwa nacho, kisha bila. Ondoa pia nukta au mabano ya sentensi yaliyonakiliwa pamoja na kiungo. Ukiona nukta tatu katikati, umenakili maandishi yaliyofupishwa kwa ajili ya kuonekana tu: rudi, bofya kitufe cha kulia, chagua kunakili anwani ya kiungo.

Usikiandike upya kwa mkono. Jina la tovuti halijali herufi kubwa na ndogo, ila sehemu inayofuata mkwaju (/) wa baada ya jina hilo mara nyingi hujali.

Ukitaka kukipunguza, anzia kwenye alama ya kuuliza. Baada yake kuna vipande vinavyotenganishwa na &. Vya utm_source, utm_medium, fbclid na gclid ni vya kufuatilia wasomaji, futa bila wasiwasi. Vya id=, q= au v= usiviguse, maana ndivyo vinavyotaja unachotafuta. Ukifuta kipande cha kwanza, alama ya kuuliza ibaki na & iliyokifuata iondoke. Kisha fungua matokeo kwenye dirisha la faragha; yakigoma hapo, huenda ukurasa unadai kuingia kwa akaunti, na mwenzako naye atakwama.

Internet Explorer, kivinjari cha zamani, ilikomea anwani za herufi 2,083. Vivinjari vya leo hubeba nyingi zaidi, lakini seva inaweza kukataa kwa kosa la 414 (anwani ndefu mno), na hilo hurekebishwa na wenye tovuti.

Unapotuma kiungo kwa maandishi matupu, kizungushie < na >, kama mwongozo wa anwani za mtandaoni, RFC 3986 wa 2005, unavyoshauri. Cha kubadilishia nywila usimtumie yeyote: atakayekifungua kwanza anaweza kuichukua akaunti.