Naenda nje kikazi, bili zangu nifanyeje?

SWALI: Shikamoo anti, mi ni mwanajeshi, nimepata amri ya kwenda nje miezi tisa na naishi peke yangu. Nina nyumba ya kupanga, intaneti, laini ya mkataba na mkopo wa gari. Nivunje vyote?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usivunje kitu kabla hujasoma mikataba yenyewe. Anza na nyumba maana ndo inayokula hela nyingi, angalia kama kuna kipengele cha kuondoka mapema, afu uliza kikosini sheria ya nchi yako inasemaje. Marekani kwa mfano, sheria yao ya 2003 inamruhusu mwanajeshi aliyepangiwa kwenda siku 90 au zaidi avunje mkataba wa nyumba, ila lazima atoe taarifa kwa maandishi na aambatanishe nakala ya amri, kupiga simu tu haitoshi. Intaneti na laini omba wasimamishe kwa muda, na wakikubali wakuandikie. Mkopo panga ukatwe benki wenyewe, na uongee na waliokukopesha kabla hujagusa bima ya gari, wengi hawataki isitishwe wakati deni lipo.

Na hili nakusihi sana, tafuta mtu mmoja unayemwamini umpe hati ya uwakili inayotaja mambo gani anaruhusiwa na inaisha lini, usimwachie namba yako ya siri ya benki hata akiwa ndugu wa damu. Bili zote zihamie imeili, barua zitarundikana mlangoni na huko hutaziona.